Mbegu za Kuukeni

Marlys Tollefsrud alikuwa binti wa mfuga ng'ombe wa maziwa. Alisoma miaka miwili katika chuo cha ufundi, akaolewa, akazaa wawili, na alipofika miaka thelathini na minane akaajiriwa fundi wa maabara kwa Profesa Lowell Haugen, ghorofa ya tatu ya jengo la mimea, hapa kwetu Minnesota. Mimi nilikuwa naosha vyombo vya kioo vya ghorofa hiyo. Kwa miaka kumi na mmoja visahani vyake vilipita mikononi mwangu, na sikuwahi kupokea kwake hata kimoja chenye uchafu uliokaukia. Alivisuuza mwenyewe kwanza. Ukitaka kumjua mtu wa maabara, muulize anayemwoshea vyombo.

Kazi ya maabara ile ilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Chembe ya chavua ikitua juu ya ua, huotesha mrija mwembamba kuliko unywele, na mrija huo hushuka ndani ya ua kulitafuta yai. Mrija wote ni seli moja, nayo hairefuki popote ila nchani. Inajuaje ncha iko wapi? Lowell alisema kuna mafuta ya aina fulani katika ngozi ya seli, machache mno, yanayokusanyika pale nchani tu na kuiambia seli: ongeza hapa, hapa, kwingine usiguse. Yakienea kila mahali, mrija huvimba kama puto. Yakikosekana, huenda upogo, hujikunja, kisha hupasuka.

Mwaka wake wa pili kazini, Marlys aliokota mmea mmoja wa tumbaku katika mamia aliyokuwa akiyapima. Mmea wenyewe ulikuwa mzuri, majani mapana, maua ya waridi. Lakini nusu ya chavua yake, alipoiotesha kwenye kisahani na kuitazama kwa hadubini, ilitoa mirija iliyozunguka kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Jeni ya kutengeneza yale mafuta ilikuwa imevunjika. Lowell aliandika makala juu ya mmea ule, na jina la Marlys likatokea la tatu. Mama yake mzazi aliikata makala hiyo kwa mkasi akaibandika kwenye mlango wa jokofu, ingawa hakuelewa sentensi hata moja.

Mmea huo ulikuwa na shida yake. Jeni mbovu haikuweza kurithiwa kwa baba, kwa sababu chavua iliyoibeba haikufika popote. Iliyofika ni ile nzima, na watoto wote wakazaliwa wazima. Ili kuihifadhi, mmea wetu ulipaswa kuwa mama kila kizazi, upakwe chavua ya tumbaku ya kawaida, kisha watoto wapimwe mmojammoja, maana ni nusu tu waliorithi. Lowell aliuita ukoo wa kuukeni, yaani wa upande wa mama. Marlys aliulea kwa miaka kumi na minane. Kila vuli aling'oa kwa kibano vichomozo vya kiume vya maua yaliyokuwa bado yamefumba, kesho yake akapaka chavua kwa brashi ndogo, akafunga kila ua kwa uzi na kitambulisho cha karatasi. Mbegu za tumbaku ni vumbi tupu; alizivuna kwa kushikilia pumzi.

Septemba ya mwaka wa kumi na minane mume wake, Verlyn, aliyekuwa dereva wa mtambo wa kuchonga barabara za wilaya hadi alipostaafu, alianguka juani akiwa anasafisha mfereji wa paa. Kiharusi. Madaktari waliuokoa mwili wake zaidi ya walivyotarajia, mguu ukarudi, mkono ukarudi nusu. Usemi haukurudi. Lilibaki neno moja, nalo ni "sawa". Akitaka maji alisema sawa. Akiumwa alisema sawa. Akikasirika, uso umemwiva, alipiga meza na kusema sawa, sawa, sawa.

Marlys alikaa naye hospitali, kisha nyumbani, wiki tisa. Na maua hayasubiri mtu. Pale maabara alikuwepo mwanafunzi mmoja, Nhia Vang, binti wa jamii ya wahamiaji wa Kihmong kutoka Saint Paul, aliyekuwa akimalizia shahada yake ya pili juu ya vinyweleo vya mizizi. Nhia alimwita Marlys shangazi, kama alivyozoea kwao kumwita mwanamke wa rika la mama yake, na Marlys, ambaye kwao hata shangazi wa damu huitwa kwa jina, alijifanya hajali lakini alipenda. Siku ya nne ya hospitali alimpigia simu kutoka uwanja wa magari.

"Maua yameanza?"

"Yameanza, shangazi. Kadi yako ya maelekezo ninayo hapa. Nikusomee?"

"Ya nini kunisomea maandishi yangu? Ng'oa vya kiume asubuhi, ua likiwa bado limefumba. Kesho yake paka. Maua thelathini."

"Nimeelewa. Wewe mwangalie mzee, huku niachie mimi. Ninao wadogo saba, nitashindwa na maua?"

"Wadogo zako ukiwakosea wanalia," Marlys alisema. "Haya hayalii."

Walicheka wote wawili. Marlys aliniambia baadaye kwamba ndicho kicheko pekee alichokumbuka katika mwezi mzima ule.

Nhia aliifanya kazi ile vizuri sana. Nilimwona mwenyewe katika nyumba ya vioo, ameinama, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Novemba alivuna, akapanga bahasha thelathini katika kisanduku, kila moja na tarehe, akaziweka kwenye jokofu la maabara. Mimea yenyewe aliikata karibu na udongo ili ichipue upya. Desemba alihitimu, akapata kazi ya kufundisha kemia katika shule moja ya sekondari kwao Saint Paul. Marlys aliporudi kazini, akawa anakuja nusu siku kwa sababu mchana ilibidi awepo nyumbani Verlyn anapofundishwa kusema, alikuta kila kitu kimepangwa kuliko alivyopanga yeye. Aliandika barua ya shukrani kwa mkono akaituma.

Februari, Jumatatu moja ya baridi kali, aliona jani lenye mabaka katika mmea wa tatu kutoka mlangoni. Rangi ya kijani iliyokolea na iliyopauka, imechanganyika kama ramani. Alilijua. Ilikuwa batobato ya tumbaku, kirusi kinachosafiri kwa vidole na nguo, na katika nyumba ile ya vioo mlikuwa pia na nyanya na pilipili za maabara nyingine nne, kazi za miaka ya watu. Alisimama pale, aliniambia baadaye, labda dakika tano. Kisha akaenda kumwita Curtis Beaulieu, msimamizi wa nyumba za vioo.

Curtis alipima, akakuta mimea tisa ina kirusi. Nani alikileta hakujulikana. Mafundi wa mabomba walipita mle, wanafunzi walipita, na mvuta sigara mmoja asiyenawa mikono anatosha. Amri ilikuwa moja: tumbaku yote itoke, ichomwe, kabla ya Ijumaa. Alikuja kumwambia ana kwa ana, kofia mkononi.

"Ungeling'oa lile jani ukanyamaza, nisingejua mpaka Aprili."

"Ungejua kwenye nyanya za watu."

"Ndiyo. Basi najisikia vibaya mara mbili."

"Nibakishie mmoja, Curtis. Usio na kirusi. Nitauweka chumba cha peke yake, nitavaa nguo nyingine."

"Leo hauna. Wiki ijayo utakuwa nacho, na tutakuwa tumetembea nacho humu mote. Nikikupa wewe, nitamnyima nani?"

Marlys alimtazama, kisha akasema basi, mbegu anazo. Hapo ndipo alipoacha kubishana, na hapo ndipo aliporudi akilini mwake mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Angeweza kwenda kwa Lowell, na Lowell angeweza kwenda kwa mkuu wa idara. Angeweza kukata kipande cha shina akakiotesha kwenye kisahani. Lakini mtu mwenye bahasha thelathini jokofuni hagombani kwa ajili ya chungu kimoja cha udongo. Aliifunga mimea arobaini na mmoja katika mifuko miwilimiwili kwa mikono yake, akaisukuma kwa kigari hadi kwenye tanuri la kuchomea taka. Lowell alitaka kumsaidia akashindwa hata kuikunja mifuko. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na machozi yalimlengalenga. Ni Marlys aliyembembeleza. Alimwambia mimea ni mashina tu.

Machi alizipanda. Alichagua miche tisini na sita, akakata kutoka kila mmoja kipande cha jani cha ukubwa wa punje ya mchele, akavipima jeni. Aliyerithi huonyesha mistari miwili kwenye picha, asiyerithi, mmoja. Alitarajia karibu nusu wawe na miwili.

Mimi nilikuwa chumbani nakusanya vyombo picha ilipotoka. Aliigeuza kwenye mwanga, akaihesabu mistari mara mbili. Nikamuuliza kama kuna kilichoharibika.

"Kipimo kimekufa," alisema. "Nitarudia."

Alirudia, akiweka pembeni kipande cha jani la zamani lililogandishwa la mmea mama. Jani lile lilitoa mistari miwili, kipimo kizima kabisa. Miche tisini na sita ikatoa mmoja mmoja. Alipanda tena kutoka bahasha nyingine, kisha nyingine, mpaka bahasha zote thelathini zikapita, miche mia tano na zaidi. Alikuwa anakuja saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa sita kumlisha Verlyn, na wiki mbili za mwisho hakuwa tena na sura ya mtu anayetafuta. Alikuwa na sura ya mtu anayehesabu majeneza yanavyopita.

Alizitoa pia mbegu za miaka ya nyuma. Hizo zilikuwa katika jokofu la chini, ambalo Julai iliyopita mafundi wa umeme walilizima siku tisa bila kumwambia mtu. Barafu iliyeyuka ikaloweka visanduku vyote. Marlys alizianika akaamini zimepona. Sasa alizipanda kwenye karatasi yenye unyevu, akazitazama wiki nne. Ziliota ukungu wa kijivu. Aliandikia maabara ya Ujerumani aliyowahi kuipelekea mbegu, miaka kumi na miwili kabla. Walimjibu kwa adabu: mtu aliyezitunza alistaafu, na kabati lake lilisafishwa.

Siku aliyofungua kisanduku cha vitambulisho, vile vya uzi vilivyotoka kwenye maua, alikuwa peke yake, ila mlango ulikuwa wazi na nilimwona kutoka ukumbini. Maandishi ya Nhia ni mazuri, madogo, ya mviringo. Katika kila kimoja alikuwa ameandika mama na baba. Mama: ya kawaida. Baba: ya kwetu. Vyote thelathini.

Marlys akaichukua kadi yake ya zamani, ile aliyokataa kusomewa simuni. Ilisema: "Ya kawaida na ya kwetu, maua thelathini, asubuhi." Haikusema nani mama. Miaka kumi na minane aliyekuwa akiisoma ni yeye peke yake, na mtu hajiandikii anachokijua.

Alikwenda kwa Lowell akamweleza yote, akamwonyesha kadi, na hakulitaja jina la Nhia. Lowell alilijua bila kutajiwa. Aliisoma kadi mbele na nyuma.

"Tutautengeneza upya," alisema. "Siku hizi jeni inakatwa kwa miezi. Mwaka na nusu hivi."

"Unastaafu Juni ya mwakani, Lowell."

"Basi mwaka na robo."

"Nifokee kidogo."

"Nikufokee kwa kosa gani? Mumeo alikuwa anakufa."

Marlys aliniambia jibu lile lilimkata maini. Angefokewa, angekuwa na cha kujibu, angejitetea, angelia. Wema ule haukuwa na mahali pa kushika. Alirudi kwenye meza yake akaanza kumwaga chakula cha mimea kwenye visahani, kazi isiyohitaji kichwa, na akamwaga visahani mia mbili ambavyo hakuna aliyeviagiza. Mimi ndiye niliyeviosha.

Aliazimia kutomwambia Nhia. Alisema binti yule ana watoto wa watu wa kufundisha, hana haja ya kubeba tumbaku. Lakini Mei, Jumapili moja alasiri, Nhia alikuja nyumbani kwa Marlys bila kutangulia kupiga simu, na sinia la vitafunwa vya kukaanga vya mama yake na wali wa kunata ndani ya kikapu. Nami nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, kama tunavyofanya huku penye mgonjwa. Verlyn alifurahi kumwona, akamshika mkono, akasema sawa mara nyingi. Tulikula. Nhia alizungumza juu ya wanafunzi wake, kuhusu mmoja aliyejaribu kuwasha kifutio kwa moto ili aone kama kitayeyuka. Kisha akauliza ukoo wa kuukeni haujambo.

Marlys alisema mimea ilipata batobato, ikachomwa.

"Nilisikia. Ndiyo maana niliziacha zile bahasha, si unazo?"

"Hazikuota vizuri."

Nhia aliweka uma chini. Hakuwa mjinga, na alikuwa amewahi kumsikia Marlys akizungumza juu ya mbegu zisizoota. Siku hizo Marlys alizungumza kwa hasira. Sasa hakuwa na hasira hata kidogo.

"Shangazi. Ni mimi?"

Nilimwona Marlys akitafuta uongo, akaukosa. Hakuwa na mazoezi.

"Ni kadi yangu," alisema. "Sikuandika nani mama."

"Niligeuza."

"Uligeuza. Yeyote angegeuza."

"Ungeniambia nikusomee. Nilikwambia nikusomee."

"Ulisema. Nilikuwa na haraka, daktari alikuwa ananiita."

Nhia alilia kimyakimya, kichwa kimeinama juu ya sahani. Marlys aliinuka, akasimama nyuma ya kiti chake, na mikono yake ikabaki hewani, maana kwao hawakumbatiani kwa wepesi na hakujua kwa akina Nhia inafanywaje. Verlyn alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alijua kuna jambo baya, nalo lilitokea akiwa mgonjwa, na uso wake ulifanya kazi kubwa, midomo ikifunguka na kufumba, akitafuta neno lolote lingine katika maneno yote aliyowahi kuyatumia kwa miaka sitini na mbili. Lilipotoka lilikuwa lilelile. Akageuka akatazama dirishani, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Nhia alipoondoka alisema atarudi. Alirudi mara moja, kwenye sherehe ya kustaafu kwa Lowell, akakaa karibu na mlango. Baada ya hapo ni kadi za mwaka mpya.

Mmea uliotengenezwa upya ulifika kweli, wiki tatu kabla ya sherehe hiyo. Jeni ileile, imekatwa mahali palepale. Marlys aliotesha chavua yake kwenye kisahani, akaweka rangi inayong'arisha yale mafuta, akatazama kwa hadubini. Kila mrija ulikwenda umenyooka, na ncha yake inang'aa kama inavyotakiwa. Lowell alidhani jeni nyingine, ndugu yake, imeshika kazi iliyoachwa wazi. Hutokea, alisema, mmea ukikatwa jeni ghafla. Mbona ule wa kwanza haukushikiwa kazi na ndugu yeyote? Hakujua. Alikuwa na siku kumi na tisa za kutumia ofisi yake. Alitamani sana kujua, nadhani kuliko alivyotamani kustaafu, lakini funguo aliziacha mezani siku iliyopangwa.

Maabara walipewa wataalamu wa udongo. Marlys alihamishiwa chumba cha mbegu za mahindi, ghorofa ya chini, ambako mbegu huhesabiwa kwa mashine. Verlyn amepata maneno mengine manne. "Kahawa" ni mojawapo. Usiku hulala vizuri, na Marlys husema hilo watu wakimuuliza habari zake, kisha hubadilisha mazungumzo.

Makala ile ya kwanza bado inasomwa. Mara tatu au nne kwa mwaka mtu huandika kutoka mahali fulani, mara nyingi mwanafunzi, kuomba mbegu kidogo ili auone ule mrija kwa macho yake, na barua pepe hizo, kwa kuwa Lowell hazijibu tena, huletwa kwa jina la tatu. Wiki iliyopita nilimkuta Marlys anamjibu msichana mmoja wa Brazili. Alikuwa ameandika kwamba anasikitika, mbegu hizo hazipo tena popote. Msichana alijibu saa hiyohiyo, akauliza kwa heshima nyingi kama ameangalia vizuri. Marlys alisoma, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya koti lake, akaanza kumwandikia kwamba ndiyo, ameangalia.